Kabla ya kuomba dawa ya kumtuliza

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Moshi, naendesha nyumba ya matunzo ya watu wazima wenye ulemavu wa akili huku Kent, jimbo la Washington. Nina wakaazi wanne. Mmoja ana miaka 38, ana usonji, hasemi kabisa. Tumeishi naye miaka miwili kwa amani. Sasa ni wiki ya tano amebadilika: jioni anajipiga tumbo kwa ngumi, anajikunja kwenye kochi, sahani anaisukuma. Juzi alimsukuma mfanyakazi akaanguka. Wafanyakazi wawili wanataka kuacha kazi, wanasema anafanya makusudi. Afya yake ni nzuri, ila miezi miwili iliyopita alikutwa na upungufu wa damu akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma. Choo anapata, tena majimaji, anachafua nguo mara kwa mara mpaka tumempunguzia matunda. Je, nimwombe daktari amwongezee dawa ya kutuliza?*

Marahaba mwanangu. Weka gazeti chini, mpigie daktari wake leo, halafu urudi usome yaliyobaki. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye vile vidonge vya chuma nasimama.

Chuma hufunga choo. Dawa nyingi za kifafa na za kutuliza akili hufunga pia, na kwa unavyouliza "amwongezee", naona huyu tayari anameza mojawapo. Sijamwona, kwa hiyo siwezi kuapa, lakini yale majimaji yananitia hofu. Kinyesi kikikauka na kuziba utumbo, kinachotoka ni maji yanayopenya pembeni ya kile kilichoziba. Mfanyakazi akiona nguo imelowa anaandika "ameharisha", matunda yanapunguzwa, na tumbo linazidi kufunga. Mtu anayejikunja, anayepiga tumbo lake na kukataa chakula amekwisha kusema. Amekuonyesha hata mahali panapouma.

Mweleze daktari tarehe alipoanza chuma, tarehe alipoanza kujipiga, na hayo majimaji. Tumbo likiwa gumu na limevimba, au akitapika, au akipata homa, usingoje miadi, piga 911, namba ya dharura. Usimnunulie dawa ya kulainisha choo kwa kubahatisha, wala usimsimamishie chuma kwa uamuzi wako. Yote hayo ni ya daktari.

Katika kazi hii Marekani tuna orodha ya mambo manne yanayowaua watu tunaowatunza ilhali yangeweza kuzuilika: kupaliwa chakula kikaingia mapafuni, kukosa choo, kuishiwa maji mwilini, na kifafa. Lile la pili watu huona haya kulitaja, ndiyo maana linapita bila kuulizwa.

Nikueleze lililonipata. Mwaka wangu wa nne nilikuwa na mama wa miaka hamsini na kitu, naye hasemi. Alianza kujigonga kichwa ukutani kila baada ya chakula cha jioni. Tuliomba dawa, ikaongezwa, ikaongezwa tena. Akatulia. Akawa anasinzia mezani, nasi tukaandika "anaendelea vizuri". Miezi minne baadaye daktari wa meno alimkuta na jipu chini ya gego. Miezi yote hiyo alikuwa anatuambia kwa kichwa chake, nasi tukamnyamazisha. Nililia ndani ya gari nje ya kliniki ile. Tangu siku hiyo sipeleki ombi la dawa ya kutuliza kabla meno, masikio, tumbo na mkojo havijaangaliwa. Na sheria nayo iko wazi: dawa ya kumlegeza mtu ili zamu ipite kwa raha hairuhusiwi.

Kuanzia leo usikubali karatasi iliyoandikwa "choo: ndiyo". Iandikwe saa, kiasi na namna kilivyokuwa. Iko chati ya Bristol yenye michoro ya aina 7 za kinyesi, ibandike ndani ya mlango wa kabati la chooni. Aina ya 1 na ya 2 ni kinyesi kigumu cha mabonge, hapo tayari pana shida. Kwangu siku ya pili bila choo napigiwa simu hata nikiwa kanisani, lakini kiwango cha huyu wako akiweke daktari.

Kuhusu wafanyakazi wako, wakalishe chini. Waambie mtu aliyeishi nanyi miaka miwili kwa amani hageuki mkorofi jioni moja. Akijikunja, wasimzunguke watatu watatu. Akae naye mmoja, kando, kwa sauti ya chini. Kule kusukumwa nako kuandikwe, na afisa wake wa kesi aambiwe, pamoja na yote haya niliyokuambia. Huyo aliyeanguka mpe pole na mapumziko. Naye ameumia.

*Mama, salamu kutoka Tacoma. Mkaguzi ametuandikia kosa kwa sababu tumetia friji kufuli. Tuna wakaazi sita. Mmoja, mwenye sindromu ya Down, huamka saa nane usiku akala kila anachokuta, na uzito umepanda sana. Si tunamlinda tu?*

Mkaguzi yuko sahihi. Kanuni ya serikali kuu ya mwaka 2014 kuhusu nyumba kama zetu zinazolipwa na Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, inampa mkaazi chakula saa yoyote, wageni saa yoyote, na mlango wa chumba wenye ufunguo. Ukitaka kumzuia, sababu iwe imeandikwa kwenye mpango wake, njia nyepesi ziwe zimejaribiwa, na mwenyewe awe ameridhia. Wapo wanaohitaji hivyo. Mwenye sindromu ya Prader-Willi, hali ya kuzaliwa nayo, njaa yake haishi, na kufuli linaweza kumwokoa. Huyu wako siye, na kufuli hilo limewafungia wengine watano wasio na kosa lolote.

Niambie, chakula cha jioni mnakula saa ngapi? Kama ni saa kumi na moja kwa sababu zamu inatoka saa moja, basi saa nane usiku ni masaa tisa, hata mimi ningeamka. Pia wenye Down mara nyingi tezi ya shingoni hulegea wakanenepa, na wengi hukatikiwa pumzi usingizini wakaamka. Omba apimwe vyote viwili.

Toa kufuli leo na umwandikie mkaguzi tarehe. Sogezeni chakula hadi saa moja. Jumamosi nenda naye sokoni achague mwenyewe vitu vya usiku, na rafu ya chini ya friji iwe yake, ina jina lake. Kisha niandikie, uniambie alichagua nini.