Tanzanite haitoki Kenya wala India

Watu huuliza kama tanzanite, lile jiwe la thamani la bluu, linatoka Kenya au India. Hapana, inachimbwa sehemu moja tu duniani: Mirerani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, Tanzania. Iligunduliwa 1967. India, hasa Jaipur, wanakata na kung'arisha tu, ndiyo maana watu wanachanganya. Kaka yangu alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, pale Mirerani kabla ule ukuta wa kilomita 24 unaozunguka migodi haujajengwa 2018, kwa hiyo hili nimelisikia sana mezani. Ila hiyo bluu ya dukani mara nyingi si ya shimoni. Jiwe kwa kawaida hutoka likiwa na ukahawia, linachomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi ndipo bluu inajitokeza. Si feki, ndivyo biashara yake ilivyo.