Wasomaji Wanauliza: Besiboli na Mtoto, Theluji Ikishayeyuka

Kila mwaka, theluji ikianza kuyeyuka Marekani, barua za wazazi kuhusu besiboli huongezeka. Wengi wamekulia kwenye mpira wa miguu, na sasa mtoto amerudi nyumbani na glavu, anataka mtu wa kurushiana naye. Tumechagua barua tano.

Binti yangu ana miaka minane na amejiunga na timu ya mtaani kwetu Columbus, Ohio. Tulimnunulia glavu mpya ya ngozi, lakini ni ngumu kama ubao. Mpira ukiingia unatoka. Sasa ameanza kufumba macho kila mpira unapomjia. Mimi ni mtu wa Tabora, besiboli sikuwahi hata kuigusa. Nianzie wapi?
*Baba wa mtoto mmoja, Columbus*

Anza na glavu, ndugu yetu, maana huenda hofu ya binti yako imetoka hapo. Mpira ukimponyoka mara tatu na mara ya nne ukampiga kidevuni, mtoto yeyote atafumba macho.

Kwanza hakikisha mkono. Glavu huvaliwa kwenye mkono usiorusha: anayerusha kwa kulia huivaa kushoto. Kisha ukubwa. Kwa miaka saba hadi tisa, glavu ya inchi 10 hadi 11 inatosha, na namba hiyo huwa imeandikwa kwenye glavu yenyewe. Usinunue ya inchi 12 kwa kusema "atakua nayo", kama tunavyofanya na sare za shule. Uzito wake huvuta kiganja chini, na vidole vifupi havipati nguvu ya kuifunga.

Sasa kuilainisha. Chukua mafuta ya glavu kiasi cha sarafu moja, uyapake kwa kitambaa kwenye mikunjo miwili, ule wa chini ya kidole gumba na ule wa chini ya kidole cha mwisho, halafu mfukoni, yaani pale mpira unapotua, na kwenye kamba za ngozi. Mafuta yakizidi, ngozi huwa nzito na kulegea. Iache usiku kucha. Kesho yake ifunge na kuifungua mara hamsini, kisha igonge mfukoni kwa dakika kumi. Watu hutumia nyundo ya mbao. Mchi wa kutwangia vitunguu saumu, ukiuvika soksi, unafaa kabisa. Mkimaliza, weka mpira mfukoni, ifunge glavu kwa kipande cha kanga au mpira wa kufungia, ilale hivyo. Rudieni kila siku kwa wiki mbili hivi. Usiiweke kwenye oveni, maikrowevu wala juu ya hita: ngozi itakauka na kamba zitakatika katikati ya msimu. Iko tayari pale binti yako atakapoweza kuifunga kwa mkono mmoja bila kusaidiwa.

Baada ya glavu, hofu yenyewe. Mpira halisi una gramu 142 hadi 149, na ni mgumu. Uwekeni kando kwanza, mtumie wa tenisi. Simama hatua tano mbele yake, umrushie mkono ukitoka chini, adake bila glavu kwa viganja viwili. Akizoea, avae glavu. Chora kwenye mipira mitatu alama za rangi tofauti, nyekundu, kijani na bluu, na umwambie aitaje rangi kabla mpira haujafika. Huwezi kutaja rangi ukiwa umefumba macho, kwa hiyo yatabaki wazi bila wewe kumkemea.

Muhimu kuliko yote ni vidole. Mpira unaokuja juu ya kiuno, vidole vya glavu vielekee juu. Unaokuja chini ya kiuno, vielekee chini. Mtoto akidaka mpira wa kifuani vidole vikiwa chini, glavu inakuwa kama mtelezo, na mpira unapanda moja kwa moja hadi usoni. Mwangalie hapo kila mara. Waliocheza rede au kati wamezoea kuukwepa mpira. Hapa miguu ndiyo inayotangulia kuufuata, mkono unakuja baadaye.

Kijana wangu wa miaka kumi anataka turushiane kila jioni. Baada ya siku mbili bega langu linauma, na mipira yake yote inapinda pembeni. Tunakosea wapi?
*Mama, Minneapolis*

Mpira kupinda hutokana na mshiko au na mguu. Mpira una mishono miwili miwili 108 ya uzi mwekundu. Ugeuzeni mpaka mwone mahali mshono unapofanya umbo la U, U hiyo ikiwa imelala ubavu. Kidole cha shahada na cha kati vikae juu kwa kuukata mshono, ncha zikiubonyeza uzi, na kidole gumba kikae chini. Kati ya mpira na kiganja pabaki nafasi. Mkono ukiwa mdogo, aongeze kidole cha tatu. Mtoto anayeujaza kiganjani huusukuma badala ya kuurusha, nao huondoka na mzunguko wa ubavu.

Mshiko ukiwa sawa na bado mpira unapinda, tazama mguu wa mbele. Asimame ubavu, bega la glavu likikuelekea wewe, apige hatua moja kwa moja kwako. Wekeni fimbo ya ufagio chini ikielekea kwako, ahakikishe mguu unatua juu ya mstari wake. Kiwiko kifike usawa wa bega, na mkono umalizie safari kwenye nyonga ya upande wa pili.

Bega lako, mama, linauma kwa sababu unarusha kwa nguvu za mkono peke yake, tena bila kupasha mwili moto. Kimbieni taratibu dakika mbili, zungusheni mikono. Kisha mirusho kumi mkiwa mmepiga goti moja, umbali wa mita tano. Kumi mmesimama, mita nane. Kumi na tano kwa mita kumi na mbili. Kumi kwa mita kumi na tano. Mwisho. Kwa umri wake, besi hadi besi (vituo anavyopita mkimbiaji) ni futi 60, yaani mita 18.3, kwa hiyo hakuna haja ya kushindana nani atafika mbali. Ruka siku moja kila baada ya siku mbili. Uchovu wa misuli ni kawaida. Maumivu ya kiwiko au bega kwa mtoto si kawaida: acheni siku hiyohiyo, na yasipoisha mpelekeni kwa daktari.

Nyasi za Aprili huwa zimelowa. Mpira ukinywa maji huwa mzito, na ukikauka ngozi yake hukakamaa. Tengeni mipira mikuukuu miwili kwa siku hizo.

Mume wangu alinunua gongo la kupigia mpira, la bei kubwa, refa akalikataa siku ya mechi. Kwa nini?
*Mama wa mtoto wa miaka tisa, Texas*

Huenda halina muhuri unaotakiwa. Tangu tarehe 1 Januari 2018, magongo yasiyo ya mbao kwenye ligi za watoto za Little League lazima yawe na alama ya USA Baseball, shirikisho la besiboli la Marekani, na kipenyo cha sehemu nene kisizidi inchi 2⅝. Yenye muhuri wa USSSA, chama kingine cha michezo, peke yake hutumika kwenye mashindano mengine, na duka huyapanga rafu moja. Soma muhuri kabla ya kulipa.

Urefu upime hivi: kichwa cha gongo chini kando ya mguu, kitako cha mpini kifike kwenye kiganja kilichoning'inia. Uzito: alishike kwa mkono mmoja, ulionyooshwa pembeni, kwa sekunde ishirini. Likianza kushuka kabla, ni zito. Na gongo la kompositi lisitumike kwenye baridi ya chini ya nyuzi 15 za Selsiasi hivi, litapasuka. Mwezi wa Machi tumieni la alumini.

Mwanangu ana miaka kumi na moja. Kocha anampenda kama mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, na sasa timu nyingine nayo inamtaka wikendi. Anafurahi sana. Nimkubalie?
*Baba, Pennsylvania*

Hapana. Tunajua inauma kumkatalia mtoto kitu anachokipenda, lakini hapa msimamo wetu haubadiliki.

Kiwiko cha mtoto kina sehemu za gegedu ambako mfupa bado unakua, na hizo ni dhaifu kuliko kano zilizoshikana nazo. Mrusho mmoja hauumizi. Mingi bila mapumziko huvuta sehemu hiyo mpaka ikaachana. Ndiyo maana Little League inahesabu mirusho ya siku: miaka 7 na 8, mirusho 50, 9 na 10, mirusho 75, 11 na 12, mirusho 85. Mapumziko nayo yamepangwa. Akirusha 21 hadi 35, anapumzika siku moja. 36 hadi 50, siku mbili. 51 hadi 65, siku tatu. 66 na kuendelea, siku nne. Na akishafikisha mirusho 41, hawezi kucheza kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, siku hiyo, maana mdakaji naye hurudisha kila mpira.

Tatizo ni kwamba kila ligi huhesabu ya kwake. Timu ya Jumamosi haina daftari la timu ya Alhamisi. Ni wewe tu unayeweza kujumlisha, na ukijumlisha utaona siku za kupumzika zimeliwa. Ukae na kidaftari, upige mstari kila mrusho, umwonyeshe kocha. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, pamoja na USA Baseball, unashauri mtoto wa umri huu apumzike kurusha angalau miezi minne kwa mwaka, miwili au mitatu kati yake ikiwa mfululizo. Furaha yake ipelekeni kwenye kupiga na kukimbia besi, huko hakuna kikomo cha namna hiyo.

Tunatazama mechi za MLB pamoja, mimi na bintiye dada yangu ninayemlea, lakini zamu ya tatu kati ya tisa za mechi ikifika ananichoka. Yeye anaelewa kila kitu, mimi sielewi. Kuna njia ya kumfuata?
*Mama mdogo, Ohio*

Iko: andikeni mechi. Nunueni daftari la alama na penseli mbili. Kalamu ya wino haifai, mtafuta sana. Wewe andika timu ya wageni, yeye ya wenyeji. Muombe yeye ndiye akufundishe, atakaa.

Kila mchezaji wa ulinzi ana namba: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu (asimamaye kati ya besi ya pili na ya tatu) 6, kisha wa nje kushoto 7, kati 8, kulia 9. Namba hizi hazihusiani na za jezi, na hapo wengi wanaoanza hukwama. Kukiwa na mkimbiaji besi ya kwanza, mpira ukipigwa kwa shotistopu, akamrushia wa besi ya pili, naye akamrushia wa besi ya kwanza, mnaandika 6-4-3: wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Aliyetolewa kwa straiki tatu (mipira aliyoikosa, au aliyoiacha ipite eneo la kupigia) ni K. Kama alisimama tu akaangalia straiki ya mwisho, K hugeuzwa, iangalie nyuma. Aliyepewa besi kwa boli nne (mirusho iliyokwenda nje ya eneo hilo, naye hakuipiga) ni BB. Aliyefika besi, kwenye almasi, ule mchoro wa besi ulio daftarini, choreni mstari wa kila upande aliokimbia. Akifika nyumbani, yaani pale alipopigia, ipakeni rangi almasi yote. Wiki ya kwanza hayo yatosha.

Tangu 2023 mrushaji ana saa: sekunde 15 besi zikiwa tupu, na tangu 2024 sekunde 18 kukiwa na mtu besini. Huo ndio muda wenu wa kuandika, kwa hiyo fupisheni.

Zamu ya timu ikiisha, kagueni. Waliokuja kupiga lazima walingane na jumla ya waliofunga, waliotolewa na waliobaki besini. Wamepiga sita, amefunga mmoja, wametolewa watatu, basi wamebaki wawili. Hesabu hii inakubali mpaka zamu ya tisa. Zaidi ya hapo, kwenye mechi za msimu wa kawaida, kila timu huanza na mkimbiaji besi ya pili. Isipokubali kabla ya hapo, tafuteni kwanza mkimbiaji aliyetolewa akiwa tayari besini: huyo ndiye husahauliwa.