Muulize Fundi: Penseli ya mita 435

*Shikamoo Fundi. Sisi ni marafiki wanne wa hapa Kirumba. Tangu mwaka 2017, tukiwa sekondari, tulifuatilia ujenzi wa jumba la makazi la 111 West 57th Street, New York, ambalo wengi huliita Steinway Tower. Tulikusanya picha kila wiki na kuhesabu slabu mpaka likafika kileleni Aprili 2019. Hadi leo tunabishana. Mwenzetu anasema jengo jembamba vile linasimama kwa sababu ni zito. Mimi nasema ni msingi. Nani yuko sahihi? Na urefu wa jengo uhesabiwe kwa ghorofa au kwa mita?*
Msomaji, Kirumba, Mwanza

Marahaba wanangu. Barua yenu nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mke wangu kwa sauti. Nimefanya kazi ya zege miaka thelathini na moja, kuanzia saidia fundi mbeba karai hadi msimamizi, na sijawahi kupata barua ya vijana waliohesabu slabu za jengo la mbali kwa miaka miwili.

Tuanze na vipimo. Jengo lenu lina mita 435 kwenda juu na ghorofa 84, lakini upana wake ni kama mita 18 tu. Gawanyeni: urefu unameza upana mara 24. Chukueni penseli mpya ambayo haijachongwa, isimamisheni mezani, kisha mpulize. Kitakachotokea ndicho alichokuwa akikiwaza mhandisi wa jengo lile kila siku.

Anayetetea uzito ana hoja. Zege zito linakandamiza chini na kukataa kusukumwa, ndiyo maana kuta za mashariki na magharibi za jengo lile ni za zege nene, na madirisha makubwa yakaachiwa kaskazini na kusini. Ila upepo ukisukuma kitu kirefu na chembamba, unafanya mambo mawili kwa pamoja. Upande ule wa mbali na upepo unadidimizwa. Upande unaopigwa unataka kung'oka. Wengi wetu tunafikiri msingi kazi yake ni kuzuia jengo lisizame. Kwa jengo kama hili msingi una kazi ya pili, kulishika lisinyanyuke.

Hili nililijifunza Isamilo, nikiwa kijana. Tulijenga mnara mdogo wa tanki la maji juu ya jiwe kubwa, nguzo nne za zege. Jiwe lilikuwa gumu, tukaridhika, tukamwaga kitako cha zege juu yake bila kutoboa chochote. Tanki likiwa limejaa, mnara ulitulia kabisa. Siku moja ya masika tanki lilikuwa tupu, upepo ukaja kutoka ziwani na mvua yake, na asubuhi tukakuta mnara umelala ubavuni, kitako kimebanduka kwenye jiwe kama ugali unavyobanduka kwenye sufuria. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Tuliporudia kazi tulitoboa jiwe kwa tindo na nyundo siku nne nzima, tukachomeka nondo ndani yake na kuzijazia saruji, ndipo tukainua nguzo.

Steinway Tower imefanyiwa jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Chini ya kisiwa cha Manhattan kuna mwamba mgumu uitwao shisti. Si granaiti kama mawe yetu ya Capripoint, lakini katika eneo lile hauko mbali na uso wa ardhi. Nanga za chuma zilishushwa ndani ya mwamba huo ili upande unaotaka kung'oka uvutwe chini. Kwa hiyo aliyesema msingi yuko karibu zaidi na jibu, mradi akubali kwamba msingi huo unavuta pia, haubebi tu.

Kuna jambo la tatu ambalo hamkulitaja, na mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Hata likishikwa vizuri, jengo jembamba litayumba. Upepo unapolipita huacha mizunguko ya hewa nyuma yake, mmoja kushoto, mwingine kulia, kwa zamu. Zamu hizo zikilingana na mwendo wa jengo lenyewe, kila msukumo unaongeza wa kwanza, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Jengo haliwezi kuanguka kwa hilo, lakini wenye nyumba kule juu watapata kichefuchefu. Kwa hiyo karibu na kilele kuna uzito wa tani 800 uliowekwa uweze kusogea. Jengo likienda kushoto, uzito unachelewa na kulivuta lirudi. Mmewaona wavuvi wetu: mtumbwi ukilalia upande mmoja, mzoefu anahamishia mwili wake upande wa pili bila hata kusimamisha maongezi. Tani 800 zile ni yule mvuvi.

Rudini pia kwenye picha zenu mtazame upande wa kusini. Jengo linapungua ngazi kwa ngazi kadiri linavyopanda. Ni mapambo, ndiyo, ila umbo linalobadilika kila kimo linavuruga ile mizunguko ya hewa isipange zamu.

Kuhusu kuhesabu, andikeni mita. Namba za ghorofa ni za mwuzaji. Trump World Tower, jengo jingine la makazi la New York, lililokamilika mwaka 2001 likiwa na mita 262, lina ghorofa 72 halisi, lakini namba zake zinafika 90. Hata mita andikeni mara mbili: kilele cha jengo, na sakafu ya juu kabisa wanayoishi watu. Baraza la majengo marefu lenye makao yake Chicago linavitenganisha vipimo hivyo, na linafanya vizuri, maana sehemu ya juu kabisa ya Steinway Tower hakuna anayelala. Jirani yake wa mtaa huohuo, Central Park Tower, ana mita 472, na ndiye jengo refu kuliko yote ya makazi.

Na mkianza kufuatilia jengo jipya, msisubiri litokeze juu ya uzio. Nilipokuwa navuka kwa kivuko wakati wa ujenzi wa Daraja la Kigongo–Busisi, abiria walilalamika kwamba hawaoni kitu, ilhali mafundi walikuwa wakihangaika na misingi ndani ya maji. Tafuteni picha za shimo. Andikeni tarehe nondo za kwanza zilipolala.

*Fundi, wanafunzi wangu wa darasa la sita wameona picha ya kreni juu ya jengo refu wakaniuliza: ile kreni iliinuliwa na nani? Na itashukaje? Sikuwa na jibu.*
Mwalimu, Sengerema

Mwalimu, kreni inajiinua yenyewe. Mlingoti wake umezungukwa na fremu ya chuma yenye jeki za haidroliki. Jeki zinainua sehemu ya juu, pengo linapatikana, kreni inaingiza pengoni kipande cha mlingoti ilichokivuta yenyewe kutoka chini, mafundi wanafunga bolti. Kisha wanarudia.

Kushuka kuna njia zake, na mojawapo itawafurahisha watoto. Kreni kubwa inapandisha kreni ndogo juu ya paa. Ndogo inaifungua kubwa na kuishusha vipande vipande. Halafu inapandishwa ndogo zaidi, inayoishusha ile ndogo. Ya mwisho huwa ndogo kiasi kwamba mafundi wanaifungua kwa spana, wanabeba vipande mikononi na kuteremka navyo kwenye lifti.