Maswali yenu kuhusu bakteria: viroboto, kupe, maziwa mabichi na paka

*Daktari, mbu naye anaambukiza bakteria?*

Kwa kawaida, hapana. Malaria inaletwa na kimelea, dengi inaletwa na virusi. Wadudu wa kuwachunga kwa upande wa bakteria ni viroboto, kupe, papasi na chawa wa nguo.

*Nimesoma kwamba tauni ni ugonjwa wa panya. Mbona wanaougua ni watu?*

Kwa sababu ya kiroboto. Akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaliana tumboni mwake mpaka wanaziba njia ya chakula. Damu haipiti, njaa haimwishi, basi anauma na kuuma tena. Kila akinyonya, damu inagota pale palipoziba na kurudi kwenye jeraha ikiwa imebeba bakteria. Panya akishakufa na kupoa, viroboto wanamhama kutafuta mwenye damu moto, na huyo anaweza kuwa wewe. Mtafiti Yersin aligundua bakteria huyu Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne baadaye mtafiti mwingine, Simond, akamtaja kiroboto kuwa ndiye mwambukizaji, na wengi hawakumwamini.

Kwa hiyo ukiona panya wanakufa ovyo bila kutegwa wala kuwekewa sumu, usiwashike kwa mikono mitupu. Toa taarifa kwa watu wa afya. Homa kali ikifuatana na mtoki, usilale nayo nyumbani. Antibayotiki zinaiponya tauni, lakini zinataka kuwahiwa.

*Kupe amening'ang'ania mguuni. Nimchome na njiti ya kiberiti?*

Hata kidogo! Wala usimpake mafuta. Mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kumsokota, kisha osha kwa sabuni. Kupe wa ugonjwa wa Lyme, mmoja wa magonjwa ya bakteria yanayoletwa na kupe, kwa kawaida huhitaji zaidi ya siku nzima mwilini kabla ya kuambukiza, kwa hiyo kumtoa mapema kunasaidia kweli. Papasi, jamaa yake kupe, ni habari nyingine: anakuja usiku, ananyonya kwa muda mfupi, anarudi ufani, nawe hujamwona. Homa yake inapanda, inatulia, na baada ya siku kadhaa inarudi. Wengi hudhani wamepona.

*Babu yangu alikunywa maziwa mabichi maisha yake yote na hakuumwa. Kwa nini mnatutisha?*

Babu alibahatika. Brusela, bakteria wa mifugo anayeambukiza watu pia, haionekani kwenye maziwa, na mara nyingi haionekani hata kwa mnyama. Mwaka 1905, kisiwani Malta, daktari Zammit alipima mbuzi waliokuwa wazima machoni pa kila mtu na kukuta wanaibeba. Mgonjwa anapata homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, viungo kuuma. Anatibiwa malaria mara tatu kabla ya mtu kumuuliza anafuga nini. Tiba ni dawa mbili pamoja kwa wiki sita hivi, na ukiziacha katikati ugonjwa unaweza kurudi. Kuchemsha maziwa kunatosha. Kuyagandisha yawe mtindi hakutoshi, na hapa ndipo ninapogombana na wasomaji wengi. Mfugaji anayezalisha mnyama naye avae glavu.

*Paka ameniuma kidoleni, tundu dogo tu.*

Hilo tundu dogo ndilo baya: meno yake membamba hupeleka bakteria ndani, na ngozi inajifunga juu yao. Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya leo hii. Waulize na habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ingawa hicho ni kirusi.