Maswali ya Wasomaji: Mwanga Unapovujia Kwenye Kona

SWALI: Mhariri, nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa nne. Maabara tulipima kilomita 2 za faiba ya modi moja (uzi wa kioo unaopitisha mwanga kwa njia moja tu). Kwa mwanga wa wimbi la nanomita 1310 zilipotea desibeli 1.4 (desibeli ni kipimo cha nguvu inayopotea), kwenye 1550 zikapotea 4.9. Darasani tuliambiwa 1550 ndiyo hupoteza kidogo. Tumekosea wapi?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Darasani hamkudanganywa. Wimbi likirefuka, kioo hutawanya mwanga kidogo zaidi: faiba hiyo hupoteza kama desibeli 0.35 kwa kilomita kwenye 1310, na 0.2 tu kwenye 1550. Ongeza konekta mbili (viunganishi vya nchani) za 0.3 kila moja. Mlipaswa kupata 1.3 na 1.0. Kipimo cha kwanza kimekaa sawa, na konekta chafu ingeharibu vyote viwili, basi acheni kusugua konekta.

Anzeni na rejea, yaani kipimo cha nguvu ya chanzo cha mwanga bila faiba mnayoipima. Chanzo hakitoi nguvu ileile kwenye mawimbi yote mawili. Ukibadili wimbi, unganisha tena chanzo na mita kwa waya mfupi, panga mita kwenye 1550, weka sifuri upya. Hapa wengi husahau.

Rejea ikiwa sahihi, tafuteni kona. Kwenye 1310 mwanga hukaa ndani ya duara la mikromita 9 hivi. Kwenye 1550 hutanuka hadi 10 na kitu, na sehemu kubwa zaidi husafiri nje ya kiini, yaani sehemu ya katikati ya faiba. Faiba ikikunjwa, sehemu hiyo ndiyo humwagika kwanza. Tai moja ya plastiki (kamba ya kufungia nyaya) iliyokazwa sana nyuma ya rafu yatosha kula desibeli zote hizo. Acheni mita ikisoma kwenye 1550, mlegeze kona moja moja, macho kwenye namba. Mkiwa na OTDR (kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga na kuchora upotevu kwenye urefu wa faiba), tangulizeni faiba ya mita 500 ili upofu wake wa mwanzo usifiche kitu, kisha linganisheni michoro: ngazi inayoonekana kwenye 1550 pekee ni kona, inayoonekana kote kuwili ni kiungo au konekta. Na tafadhali msichungulie ncha ya faiba; mwanga huo hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho.

SWALI: Naweza kuvusha leza bila waya juu ya Ghuba ya Mwanza, kilomita 3?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Mwali unaotanuka kwa miliradiani 1 (mita 1 kwa kila kilomita) utafika ng'ambo ukiwa na upana wa mita 3. Lenzi ya sentimita 10 itadaka sehemu 1 kati ya 900, yaani umepoteza desibeli 30 kabla hata ya ukungu wa alfajiri. Ila mlingoti ndio unaotutia wasiwasi zaidi: upepo wa ziwa ukiuinamisha kwa miliradiani hiyohiyo 1, mwali umehama mita 3 na lenzi imebaki gizani.