Psi 125 kwenye silinda zote nne za WRX STI

Umeuliza kama injini ya Subaru WRX STI unayotaka kununua imekufa, kwa sababu fundi amepima mgandamizo (nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, kwa kipimo cha psi) akapata 125 tu. Hapana, injini haijafa. Fundi wako amesoma kitabu cha watu wa pwani! Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo geji ikisoma 125 hapa, Mombasa gari hilohilo lingesoma kama 150. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda. Nne zikilingana, umeanza vizuri, mradi alipima injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa, betri imejaa na mafuta yamekanyagwa hadi chini.

Lakini usilipe bado. Mwambie apime uvujaji: anaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, kisha mnasikiliza inatokea wapi. Ikipuliza kwenye ekzosi ni valvu, ikitoa mapovu kwenye radieta ni gasketi ya kichwa cha injini, ikisikika kwenye mdomo wa kumiminia oili ni ringi za pistoni au pistoni imepasuka. Injini hizi za lita 2.5 zenye turbo zinajulikana kwa hilo la mwisho, hasa silinda ya nne. Mwaka jana niliacha kununua moja ya buluu, inang'aa kama sahani ya harusi, kwa sababu niliweka kiganja pale kwenye mdomo wa oili nikahisi upepo.

Na kabla ya vipimo hivyo vya injini moto, uikute ikiwa baridi asubuhi, uone inavyowaka. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi kesho.