Supamaketi ya Bei Nafuu Imefunguliwa Karibu Nami

Mzee wa Kaunta hujibu maswali ya wasomaji kuhusu duka na biashara ndogo.

Kwako Mzee, shikamoo. Nina duka la rejareja hapa Kayole, Nairobi, mwaka wa saba sasa. Mwezi uliopita supamaketi ya bei nafuu ilifunguliwa hatua chache tu kutoka kwangu. Siku ya kwanza walileta spika na vijana wa kucheza ngoma, wakauza unga wa kilo mbili kwa bei iliyo chini ya ile ninayonunulia kwa jumla. Wateja wangu wanapita na mizigo kutoka huko, wengine wanatazama kando wasinione. Mume wangu anasema tuuze rafu tununue pikipiki. Nifanyeje?
– Mama Duka, Kayole

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nilikaa nyuma ya kaunta kule mtaa wa Umoja miaka kumi na tisa, na supamaketi mbili zilinikuta pale pale. Najua inavyouma kumwona jirani uliyemkopesha maziwa ya mtoto akivuka upande wa pili wa barabara.

Usiuze rafu. Ila unga waachie wao. Wanachagua vitu vichache ambavyo kila mama mtaani anajua bei yake kwa kichwa: unga, sukari, mafuta, maziwa. Hivyo huuzwa bila faida, pengine kwa hasara, ili mtu aingie ndani. Faida wanaitafuta kwenye sabuni, biskuti, vyombo vya plastiki na mkate wanaouoka wenyewe. Tena wao huchukua mali kiwandani leo na kulipa baada ya siku thelathini, sitini, hata tisini. Wewe unalipa taslimu kabla bando la unga halijatoka mlangoni kwa muuzaji wa jumla. Ukishusha bei uwafikie hao wa supamaketi, unakula mtaji wako.

Chukua daftari, wiki nzima andika kila unachouza na saa uliyokiuza. Nilipofanya hivyo nilishtuka. Unga wa pakiti ulikuwa umejaza rafu mbili na kuniletea faida kiduchu. Pesa yangu ilikuwa ikiingia kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili: nusu mkate, pakiti ya maziwa, majani ya chai ya kadogo, yaani pakiti ndogo, sukari ya kupima. Halafu kuanzia saa moja usiku: yai moja, kiberiti, kitunguu, mafuta ya kupima. Fundi wa mjengo anakunywa chai yake na kuondoka kabla mlango wa supamaketi haujafunguliwa. Na anayelipwa kwa siku hanunui chupa ya lita mbili, hata ikiwa na ofa, kwa kuwa pesa ya lita mbili hana mkononi jioni hiyo.

Kwa hiyo pima, na upime vizuri. Nilikuwa na kikombe cha bati cha mafuta. Nilikiinua hadi usawa wa macho ya mteja aone mafuta yamegusa ukingo, ndipo nikamimina kwenye chupa yake, na kikombe nikakiacha kimeinama mpaka tone la mwisho lidondoke. Watoto waliotumwa walisimama kuhesabu matone hayo. Sukari nayo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, niliifunga kwenye karatasi ya kaki, pembe zimekunjwa ndani isimwagike njiani. Mama mmoja aliniambia alipenda kumtuma mwanawe kwangu kwa sababu ya ile karatasi.

Daftari la madeni usilifunge kwa hasira. Wale wanaotazama kando, watangulie kuwasalimu. Kuanzia tarehe ishirini, mshahara ukiisha, watarudi, na pale kwenye mashine ya kulipia hakuna anayewajua kwa jina. Wakirudi, wasikute uso uliokunjwa. Lakini weka mpaka: deni la zamani lilipwe kwanza, na hakuna anayezidi kiasi ulichopanga.

Jambo moja la haraka. Supamaketi ikija, wapita njia huongezeka, na wenye nyumba hupandisha kodi. Kama mkataba wako ni wa mdomo tu, nenda wiki hii mkauandike.

*

Mzee, mimi ni mfugaji wa kuku kutoka Limuru. Supamaketi ninayoipelekea mayai imehamia jengo jingine, karibu na barabara kuu. Tangu ihame sijalipwa, mwezi wa tatu sasa. Meneja ananiambia niendelee kuleta, mfumo wa malipo ukikaa sawa nitalipwa yote pamoja. Niendelee?
– Mfugaji, Limuru

Hapana, mwanangu. Kesho usipeleke hata trei moja.

Kuhama si kosa. Wengine huhama kwa sababu kodi imepanda au wateja wamehamia upande mwingine. Naivas ilianzia Rongai, Nakuru, mwaka 1990, na leo ina matawi nchini kote. Lakini nchi hii imeona pia nyingine zikianguka. Uchumi, iliyoanzishwa 1975, ilifunga milango Juni 2006, ikafufuka, kisha 2015 ikaondoka Uganda na Tanzania. Nakumatt iliwaacha wauzaji wake na madeni ya mabilioni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe kabisa. Chanzo kinafanana: mali inauzwa leo, pesa ya mwenye mali inatumika kufungua tawi jingine, na siku wauzaji wakigoma, rafu zinabaki tupu. Pita humo kama mteja. Ukiona pakiti zimepangwa mstari mmoja mbele na nyuma hakuna kitu, umeshapata jibu.

Mke wangu alikuwa akipeleka maandazi kwa supamaketi moja, jina nitalihifadhi. Ilihama usiku. Asubuhi tulikuta mnyororo mlangoni, na kupitia kioo tuliona trei zetu nne za bluu zimepangwa sakafuni. Alisimama pale na ndoo ya maandazi ya moto mpaka yakapoa. Deni hilo halikulipwa hata shilingi.

Wewe bado una mahali pa kushika. Tangu mabadiliko ya 2019 katika Sheria ya Ushindani, mnunuzi mkubwa kuchelewesha malipo kinyume cha mlivyopatana, bila sababu ya haki, ni kosa, na unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani. Mwaka 2020 Mamlaka hiyo iliamua kesi upande wa mtengenezaji wa maziwa ya mtindi dhidi ya kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour nchini, na mwaka uliofuata Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa za masuala hayo, likaunga mkono uamuzi huo. Kusanya kila karatasi ya kupokelea mzigo yenye mhuri wao na sahihi. Kama kuna mzigo uliopokewa bila mhuri, nenda ukaupigishe leo, kabla hujataja malalamiko.

Kisha andika barua ya madai yenye tarehe, idadi na kiasi, uwape siku kumi na nne. Mayai yako wauzie wenye maduka kwa taslimu, hata kama bei ni pungufu kidogo. Na trei ulizoziacha kwao zihesabu, uziandike kwenye hiyo barua.